Kihindi cha kwenye filamu ni lugha ya nani, na mbona maneno yake yanafanana na yetu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpenzi wa filamu za Kihindi tangu utotoni, na siku hizi naziangalia kwenye simu, nyingine hata hazijatafsiriwa. Ninavyosikiliza nakutana na maneno ambayo ni kama yetu: dunia, lakini, kitabu, wakati, dhalimu. Nabaki najiuliza kama wao waliyachukua kwetu au sisi kwao. Nikamwendea mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa hapa mtaani nimuulize, akacheka, akasema hicho si Kihindi chake, na yeye mwenyewe amekijulia kwenye filamu. Sasa Kihindi ni lugha gani hasa, ya nani, na yale maneno yametoka wapi? Na mimi Mswahili nikitaka kujifunza, nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, dada. Mzee wa duka amekwambia kweli tupu. Sisi tumezoea kuita "Kihindi" chochote anachosema Mhindi akiwa nyuma ya kaunta yake. Lakini Wahindi wengi waliofika pwani yetu walitoka Gujarat na Kutch, upande wa magharibi wa India unaotazamana nasi kuvuka bahari. Nyumbani walisema Kigujarati, au Kikachi, lugha ya watu wa Kutch iliyo karibu zaidi na Kisindi, na wajukuu zao wengi wanaendelea hivyo hivyo. Singasinga waliokuja kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, kazi iliyoanza 1896 na kufika ziwani 1901, walikuja na Kipunjabi chao. Wagoa wakaja na Kikonkani. Wachache sana kati ya wote hao walinyonya Kihindi pamoja na maziwa ya mama. Kwa hiyo mzee wako na wewe mko sawa: mwalimu wenu wa Kihindi ni yule yule, sinema.

Kihindi chenyewe ni cha kaskazini: Delhi, Uttar Pradesh, Bihar, Madhya Pradesh, Rajasthan, Haryana na majirani zao. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu milioni 528 hivi waliokitaja kuwa lugha yao ya mama, karibu 44 katika kila 100. Namba hiyo ipokee kwa tahadhari. Ndani yake wamewekwa wasemaji wa Kibhojpuri, ambao peke yao wanapita milioni 50, pamoja na wa Kirajasthani, Kichhattisgarhi, Kimagahi na wengine kadhaa. Mtu wa Delhi akitupwa kijijini kwao akaachwa awasikilize bibi wawili wakiteta, jasho litamtoka. Serikali inazihesabu zote kama Kihindi. Mimi naona nyingi ni lugha zenye miguu yake zenyewe, ila hesabu za lugha popote duniani hupigwa na wenye ofisi.

Kinachoitwa Kihindi sanifu kimejengwa juu ya lahaja moja tu, Khari Boli, ya Delhi na wilaya za kaskazini mashariki yake. Hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu jambo hili limetokea kwetu pia. Ushairi wetu mkubwa wa kale ni wa Kiamu na Kimvita, lakini ulipofika wakati wa kusanifisha, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa. India vivyo hivyo. Washairi wakubwa wa karne ya 16, Tulsidas na Surdas, hawakutunga kwa Khari Boli. Tulsidas alitunga kwa Kiawadhi, Surdas kwa Kibraj, na kwa muda mrefu watu wa kaskazini waliona kwamba shairi lisilo la Kibraj si shairi. Khari Boli ilikuwa lugha ya sokoni na kambini. Ilipanda cheo kwa kuwa ilikuwa lugha ya mji mkuu.

Na usije ukamwambia mtu wa Chennai, mji wa kusini, kwamba Kihindi ni lugha ya taifa la India. Si kweli kisheria, na utamkera bure. Bunge la Katiba lilikubali tarehe 14 Septemba 1949 kwamba Kihindi, kwa herufi za Devanagari, kiwe lugha rasmi ya serikali ya muungano, na Kiingereza kiendelee kwa miaka 15 kikipunguzwa. Miaka 15 ilipotimia, Januari 1965, watu wa kusini, hasa wasemaji wa Kitamil, waliingia barabarani kupinga, na watu wakafa. Kitamil si ndugu wa Kihindi hata kidogo, kimo katika ukoo mwingine kabisa, wa Kidravidi. Serikali ikarudi nyuma, na Kiingereza kipo mpaka leo. Katiba ina orodha ya lugha 22, na hakuna hata moja iliyoandikwa kuwa ya taifa.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapo ndipo swali lako lilipo.

Jibu fupi: hawakuyachukua kwetu, na sehemu kubwa hatukuyachukua kwao. Dunia, kitabu, wakati, lakini na dhalimu yote ni ya Kiarabu. Kiswahili ni Kibantu na Kihindi ni tawi la mbali la ukoo ule ule wa Kiajemi, Kirusi na Kiingereza, kwa hiyo kwa asili hatuna undugu wowote. Tulichonacho ni mkopeshaji mmoja. Lakini njia mbili tofauti zilipitwa, na uzuri wa jambo hili ni kwamba unaweza kuziona njia zenyewe kwa kuyatazama maneno tu, bila kufungua kitabu cha historia.

Anza na dhalimu. Kwenye filamu umesikia zaalim. Sisi tunasema dharura, wao zarurat. Sisi dhuluma, wao zulm. Dhikiri yetu kwao ni zikr, nayo kwao humaanisha kutaja tu jambo, si lazima kumtaja Mungu. Kadhi wetu kwao ni qazi, na Ramadhani yetu ni Ramzan. Kila penye dh kwetu, kwao pana z. Sasa tazama th. Athari yetu wanaiita asar. Mithali ni misaal, yaani mfano. Thabiti ni saabit, na warithi ni vaaris. Kila penye th kwetu, pana s kwao. Mambo haya hayakutokea kwa kubahatisha. Sisi tulikaa na Mwarabu uso kwa uso, mashuani, msikitini, na kwenye ndoa, tukazisikia dh na th kinywani mwake mwenyewe. Wahindi wa kaskazini maneno ya Kiarabu waliletewa na watu wa Kiajemi, na Mwajemi hana dh wala th katika lugha yake. Anapoazima neno la Kiarabu lenye sauti hizo, huzigeuza z na s. Neno likafika Delhi likiwa limekwisha vaa nguo za Kiajemi.

Kuna alama ya pili, nayo iko mkiani mwa neno. Sisi tuna fursa, wao fursat. Tuna ada, wao aadat. Siasa, siyasat. Heshima, rehema, neema, huduma: kwao hishmat, rahmat, nemat, khidmat. Mahaba ni mohabbat, ambalo bila shaka umelisikia mara elfu. Nomino hizi za Kiarabu zina t ambayo Mwarabu mwenyewe huimeza anapokomea hapo, ila Waajemi waliishika wakaitamka katika maneno chungu nzima, na Kihindi kikapokea vile vile. Ukishazoea alama hizi mbili utaweza kubahatisha maneno ya Kihindi ambayo hujapata kuyasikia. Jaribu: "hekima" kwao itakuwaje? Hikmat. Barabara.

Kiajemi kilifikaje huko? Kwa utawala. Tangu Usultani wa Delhi ulioanza 1206, kisha Wamughal kuanzia 1526, wakubwa waliandika hukumu, hati za ardhi na barua kwa Kiajemi, ingawa wengi wao kwa damu walikuwa Waturuki na Waafghani. Karani wa Kihindu aliyetaka kazi alijifunza Kiajemi. Hali ikaendelea hata chini ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, mpaka ilipokiondoa mahakamani na maofisini mwaka 1837. Miaka 600 ya ofisi haiondoki hivi hivi. Wakili ni vakil, hesabu ni hisaab, swali ni sawaal, na serikali ni sarkaar, neno la Kiajemi halisi ambalo limefika kwetu pia. Rangi, vile vile ya Kiajemi, kwao ni rang. Hata jina Hindi lenyewe ni la Kiajemi. Mto Indus kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni Sindhu, Waajemi s hiyo wakaitamka h, nchi iliyo ng'ambo wakaiita Hind, na cha huko kikawa Hindi.

Ila angalia: neno likitembea, maana nayo hutembea. Daulat ni dada wa dola yetu, lakini kwao ni mali, utajiri, na hakuna serikali ndani yake. Fursat ni nafasi ya kupumzika, si nafasi ya kutajirika, kwa hiyo mtu akikwambia hana fursat ana shughuli tu. Daftar ni ofisi, si daftari. Mausam ni msimu, lakini siku nyingi humaanisha hali ya hewa ya leo. Aurat, ambalo Mwislamu wa pwani atalisikia kama aura, yaani utupu, kwao ni mwanamke tu, bila aibu yoyote. Jahaz ni chombo cha baharini, nasi tuna jahazi, na ndege wanaiita havaai jahaaz, jahazi la hewani. Na Mahal, lile la Taj Mahal, ni ndugu wa mahali petu. Mwarabu alimaanisha pahala pa kukaa, Mwajemi akapapandisha hadhi, na Kihindi kikaishia kwenye kasri.

Yapo pia maneno ambayo kweli yametoka India kuja kwetu, na haya ndiyo ungeweza kuyadai kwa mzee wa duka. Laki ni lakh, mia elfu. Chapa inatokana na kupiga chhaap, na dobi ni dhobi. Gari, gundi, cheti, bima, rupia, bangi, chapati na achari yote yana ndugu zao kule. Lakini mengi ya haya yanapatikana pia katika Kigujarati na Kikachi, na kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakiuza na kukopesha hapa, kusema "limetoka Kihindi" mara nyingi ni kupuuza mwenye duka. Rupia yenyewe ilikuwa fedha ya bara hili lote la Afrika Mashariki, kwa Wajerumani na kwa Waingereza, hadi shilingi ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Kutoka kwetu kwenda huko ni machache. Masidi wa Gujarat, watu wenye asili ya Afrika waliofika India karne nyingi zilizopita, wana ngoma yao wanayoiita goma. Hilo ni letu. Lakini ni la Gujarat, halikuingia katika Kihindi cha filamu.

Sasa kitu ambacho wengi wanaoangalia filamu hawakijui, nacho ndicho kiini cha msamiati wa Kihindi. Karibu kila jambo lina neno zaidi ya moja, na neno unalochagua hukutambulisha. Simama kwenye stesheni ya reli ya kaskazini mwa India. Kipaza sauti kinasema: yatrigan, kripaya dhyaan dein, abiria, tafadhali zingatieni. Yatri ni msafiri, neno la Kisanskriti. Hakuna mshairi wa nyimbo za filamu anayelipenda sana neno hilo. Yeye atasema musaafir, ambalo wewe huhitaji kutafsiriwa. Na dereva wa riksho hapo nje hasemi hili wala lile. Anaita sawaari, au pasenja. Mtu ni huyo huyo na begi lake.

Wenyewe wana majina ya matabaka haya. Neno lililochukuliwa Kisanskriti zima zima bila kuguswa wanaliita tatsam. Neno lililotoka Kisanskriti likatafunwa na vinywa vya watu kwa miaka elfu mbili na zaidi wanaliita tadbhav. Moto kwa Kisanskriti ni agni, kwa watu ni aag. Maziwa ni dugdha, kwa watu doodh. Mkono ni hasta, umekuwa haath. Sikio karna likawa kaan, jino danta likawa daant, na karma, ambalo Wazungu wamelibeba kwa mbwembwe nyingi, kwa mtu wa kawaida limekuwa kaam, yaani kazi. Kazi ya kufagia, kazi ya ofisini. Hayo mafupi ndiyo moyo wa lugha. Kisha yapo ya kienyeji ambayo asili yake haijulikani vizuri, na ya kigeni: ya Kiajemi na Kiarabu tuliyoyaona, ya Kituruki kama qainchi, mkasi, ya Kireno kama chaabi, ufunguo, na balti, ndoo, na ya Kiingereza yanayoongezeka kila asubuhi.

Chagua sasa neno la kupenda. Prem ni tatsam, lina harufu ya hekalu na vitabu. Pyaar ni la nyumbani, la mama kwa mtoto na la vijana wawili. Mohabbat na ishq ni ya Kiarabu kupitia Kiajemi, na ndiyo ya washairi. Sinema inapenda ya tatu kwa sababu wengi wa waliotunga nyimbo zake walilelewa katika ushairi wa Kiurdu. Ndiyo maana sikio la Mswahili linapumzika kwenye filamu, lakini likiwashiwa taarifa ya habari ya Kihindi linapotea kabisa. Habari yenyewe pale inaitwa samaachaar, si khabar. Waziri mkuu ni pradhaan mantri. Hakuna hata herufi ya kushikilia.

Hapo tunaingia kwenye suala la Kiurdu. Kihindi na Kiurdu vikisemwa sokoni ni lugha moja. Sarufi ni moja, vitenzi ni vile vile, na watu wa Delhi na wa Lahore kule Pakistan wanabishana bei bila mkalimani. Tofauti ya kwanza ni maandishi: Kiurdu hutumia herufi za Kiarabu kwa mtindo wa Kiajemi, Kihindi hutumia Devanagari. Kwetu Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kisha za Kilatini na hakikugawanyika. Kule kiligawanyika kwa sababu maandishi yalifungwa pamoja na dini, na dini ikafungwa pamoja na ajira. Chuo cha Fort William, kilichofunguliwa Kolkata mwaka 1800 kuwafundisha Waingereza lugha za nchi, kilianza kutoa vitabu vya aina mbili. Baada ya Kiajemi kuondolewa, mahakama za kaskazini zilishika maandishi ya Kiurdu, na waliosoma Devanagari wakaona wananyimwa ukarani. Walidai kwa miaka mingi, hadi mwaka 1900 serikali ya jimbo ambalo leo ni Uttar Pradesh iliporuhusu Devanagari mahakamani. Kuanzia hapo kila upande ukawa unapalilia shamba lake: hawa waking'oa maneno ya Kiajemi na kupanda ya Kisanskriti, wale wakifanya kinyume. Mwandishi Premchand, aliyeishi kati ya 1880 na 1936, alianza kuandika kwa Kiurdu kisha akahamia Kihindi, na msomaji akilinganisha haoni mtu mwingine.

Upaliliaji huo umezaa maneno mengi ambayo hukaa kabatini. Kompyuta ina jina rasmi, sanganak. Watu wanasema kampyutar. Nasi tuna tarakilishi, na unajua mwenyewe mara ya mwisho umeisikia lini mtaani. Lakini yapo yaliyofaulu: shirika la televisheni la taifa linaitwa Doordarshan, kuona mbali, na kila mtu anaelewa.

Umeuliza uanzie wapi. Kabla ya kuanza, jihadhari na maneno ya ukoo, maana hapo Mswahili huchekesha. Kwa Kihindi mama ni mjomba. Dada ni babu mzaa baba. Kaka ni baba mdogo. Na nani si swali, ni bibi mzaa mama. Ndugu wa kiume ni bhai, wa kike ni bahan, na mama mzazi ni maa. Ukishavuka kicheko hicho utafurahi, kwa sababu mpangilio wao ni kama wetu. Kaka mkubwa wa baba, tau, si sawa na mdogo wake, chacha au yule kaka wa hapo juu, kama sisi tunavyotenga baba mkubwa na baba mdogo. Shangazi ni bua, na dada wa mama ni mausi. Mwingereza hukaa mwezi mzima akijifunza hayo. Wewe ni suala la kubadilisha majina tu. Na lile neno saala ambalo majambazi wa filamu hutukanana nalo, maana yake halisi ni shemeji, kaka wa mke. Anayekuita hivyo anadai kwamba ana dada yako. Usilijaribu kwa mtu usiyemjua.

Heshima wanaipima kwa viwakilishi. "Wewe" wako watatu: tu, tum na aap. Aap ni kwa mkubwa, mgeni na mtu yeyote usiyemzoea. Tum ni kwa rafiki na mdogo wako. Tu ni kwa Mungu, mpenzi, mtoto mchanga, au mtu unayetaka kugombana naye. Shika aap, hutakosea. Ongeza ji baada ya jina la mtu, umemaliza.

Sauti zitakusumbua sehemu mbili. Ya kwanza ni mpumuo. Wazee wa Mombasa na Lamu wanatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa kupumua kidogo kwenye p ya mnyama. Wanaosema hivyo wameshapata nusu ya Kihindi, kwa sababu huko kila k, t, p na hata g, d, b ina pacha yenye mpumuo. Ya pili ni t na d za kukunja ulimi, ncha ikirudi nyuma kugusa kaakaa, kinyume na t ya menoni. Pima sikio lako kwa maneno haya matatu: saat ni saba. Saath, t ya menoni yenye mpumuo, ni pamoja. Saath yenye t ya kukunja ulimi na mpumuo ni sitini. Maandishi ya Kilatini ya kwenye simu huandika mawili ya mwisho sawasawa, na ndiyo sababu nakusihi ujifunze Devanagari mapema. Si ngumu kama inavyoonekana. Herufi zimening'inia kwenye mstari wa juu, hakuna herufi kubwa na ndogo, na zimepangwa kwa kufuata kinywa: safu ya kooni kwanza, ka, kha, ga, gha, kisha zinasogea mbele mpaka midomoni, pa, pha, ba, bha. Ndani ya wiki chache utakuwa unasoma mabango. Ukikuta herufi yenye nukta chini yake, kama ya za au fa, ujue mara nyingi ni neno la mgeni. Wengi vijijini hawaijali nukta hiyo, wanasema jindagi badala ya zindagi, jarurat badala ya zarurat.

Sarufi itakuwa rafiki yako kuliko unavyodhani. Kitenzi hukaa mwisho, na viunganishi vya mahali hufuata nomino badala ya kuitangulia: ghar mein, "nyumba ndani", ambayo si mbali na nyumbani yetu. Nomino zina ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike, hata kwa vitu: meza na kitabu ni vya kike, nyumba na maji ni vya kiume. Kwa aliyekulia kwenye ki-vi na u-zi, mera ghar, nyumba yangu, na meri kitaab, kitabu changu, si shida. Mwanamume husema main jaata hoon, mimi ninakwenda, mwanamke main jaati hoon. Wewe sema jaati. Wanaojifunza kwa kumwigiza shujaa wa kiume wa filamu huwa wanajikwaa hapo.

Vitenzi vya mkopo wanavitengeneza kirahisi sana. Sisi tunalichukua safi tunalinyambua: safisha, safishia, safishwa. Wao huweka karna, kufanya, baada ya neno lolote: saaf karna ni kusafisha, shak karna ni kushuku, maaf karna ni kusamehe, na fon karna ni kupiga simu. Ukijua nomino mia za Kiarabu na kitenzi kimoja, tayari una msamiati. Na wana kitu kitamu cha mazungumzo: neno hurudiwa likianza na v, likamaanisha "na vya namna hiyo". Chai-vai, chai na vitafunwa vyake. Khaana-vaana, chakula na kadhalika. Ukisema hivyo mara moja tu, watu watageuka kukutazama.

Kal ni jana, na kal ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi. Usibishane nalo, sikiliza mwisho wa sentensi.

Namba ziache za mwisho kabisa. Sisi tukisema ishirini na tano, thelathini na tano, mtu anaona ngazi. Wao kuanzia moja hadi mia karibu kila namba ina umbo lake: 25 ni pachchis, 35 paintis, 45 paintalis, 55 pachpan. Hakuna mkato, ni kukariri tu kama watoto wao wanavyokariri shuleni. Jifunze hadi kumi, halafu ishirini, hamsini, sau ambayo ni mia, hazaar ambayo ni elfu, na lakh ambayo unayo tayari. Za katikati taja kwa Kiingereza. Vijana wengi wa Delhi na Mumbai wenyewe hufanya hivyo wanapotajiana namba za simu.